Sikio la Kushoto la Zuena

Msimu ule Zuena alibadili namna ya kufunga ushungi. Zamani aliizungusha kanga kichwani kwa haraka, ncha moja akaitupia begani, masikio yakabaki nje. Sasa aliivuta chini upande wa kushoto mpaka karibu na taya, akaibana kwa pini, na mkono wake ukazoea kupanda pale kila mara, kugusa na kuhakikisha. Mumewe Kondo hakuona. Mama mkwe wake hakuona, au alijifanya hakuona. Aliyeona ni wifi yake Shamsia, mtu asiyepitwa na jambo.

"Wifi, siku hizi unajifunika kama mwizi wa hereni."

"Nimeiba zako."

"Zangu za plastiki, zikupendeze! Hebu nione."

Zuena alicheka, akageuza kichwa, akaendelea kupepeta. Chini ya kanga, kwenye ukingo wa juu wa sikio la kushoto, palikuwa na kidonda kidogo, hakizidi punje ya hindi. Kilikuwa na gamba gumu la rangi ya asali. Gamba likidondoka, chini yake palikuwa pabichi. Kesho yake gamba jingine lilikuwa limeota.

Zuena alizaliwa na ualbino. Msimu ule wa kidonda, mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu walisema zeruzeru tu, wengine kwa kejeli, wengine bila kufikiri, kama wanavyosema mrefu au mfupi. Alizaliwa milimani Umatumbini, kwenye mji uliokaa katikati ya michungwa mikubwa na msitu, mahali ambapo jua hufika chini likiwa limechujwa na majani. Alilelewa na bibi yake, Bi Salima, na Bi Salima alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Umande ukikauka, Zuena awe ameshaingia ndani. Kivuli cha nyumba kikifika mlango wa jiko, ndipo atoke tena. Wenzake walikwenda mtoni mchana, yeye alibaki akisikia kelele zao. Alilia, akachapwa, akazoea. Kivuli kikawa kama ndugu aliyezaliwa naye.

Bi Salima hakuwa amesoma habari za ngozi mahali popote. Alikuwa amezaa mtoto wa kiume, Maneno, mwenye ngozi kama ya Zuena, naye Maneno alikataa kufungiwa kama kuku. Alishuka kwenye mashamba ya wazi, akalima pamba na wanaume wenzake, kifua wazi. Akapata kidonda shingoni. Zuena, wakati huo mtoto, ndiye aliyetumwa kumpelekea uji kwenye chumba cha nyuma. Alikumbuka harufu ya chumba kile kabla hajakumbuka sura ya mjomba wake. Alikumbuka pia maneno yake, kwa kuwa aliyarudia kila mara, akitabasamu: "Hakiumi, mwanangu. Kinawasha tu." Alipokufa, watu walizungumza habari za husuda. Bi Salima hakubishana na mtu. Ila tangu siku hiyo alikuwa akimpapasa Zuena usoni na shingoni kila Ijumaa, polepole, kama anayetafuta kokoto kwenye mchele.

Kisha serikali ikaacha watu wauze mazao yao wanavyotaka, na wakulima wa bonde la Rufiji wakaanza kupanda milimani wenyewe, na magunia ya mpunga na samaki wakavu, wakirudi na machungwa. Mmoja wao alikuwa Kondo. Alimkuta Zuena chini ya michungwa akichagua machungwa, mazuri huku, yaliyopondeka kule. Alisimama sana.

"Unanunua au unatazama?" Zuena alimuuliza.

"Natazama kwanza. Mimi sinunui kwa pupa."

"Basi kaa chini, usinizibie upepo."

Akakaa. Safari iliyofuata akaja na gunia dogo la mchele wa kumpa Bi Salima na maneno ya posa. Bi Salima alimuuliza jambo moja tu: "Kwenu kuna miti?" Kondo akajibu kwamba ipo. Hakusema uongo. Ipo kijijini, kwenye mwinuko. Hakuulizwa habari za bonde.

Siku Zuena alipovuka mto kwa pantoni pale Ndundu, alidhani macho yake yameharibika. Alikuwa amezoea jua linalotoka juu. Hapa lilitoka juu, likapiga maji, likarudi kutoka chini, likamwingia ndani ya mtandio na chini ya kidevu. Hapakuwa na upande wa kugeukia. Alivuka amefumba macho, ameshika shati la mumewe, na ngozi ya kidevu ilikuwa imeungua kabla hawajafika Ikwiriri.

Nyumbani kwa Kondo, kijiji kimoja kisichokuwa mbali na Ikwiriri, alipokewa na mama mkwe wake, Mwanaharusi, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na baba mdogo wa Kondo, mzee Mshamu. Mshamu alimtazama bibi harusi, akatingisha kichwa.

"Kondo, umetuletea mke wa kivulini. Bonde halina kivuli. Misimu miwili huyu, mtamrudisha kwao."

Watu walicheka, kwa kuwa Mshamu alikuwa mtu wa kuchekesha. Zuena naye alicheka. Lakini neno lile lilimkaa. Kila alipoamka mgongo ukimwuma alilisikia, akainuka. Misimu miwili ilipita, ikaongezeka mingine, akazaa mtoto wa kike, Mwajabu, mweusi kama baba yake, na bado hakumruhusu mtu amwambie, "Wewe pumzika."

Maisha ya bonde ni ya kuhama. Mvua zikianza, familia hushuka na vyungu, kuku na watoto, hukaa mashambani katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili maji ya mto yakijaa yapite chini. Mpunga ukianza kutia maziwa, kazi moja inazizidi zote: kuamia ndege. Kweleakwelea hawana huruma wala mapumziko. Wanatua kama mvua ya mawe, na mtu akizubaa kidogo anabakiwa na mabua. Kwa hiyo tangu alfajiri mpaka magharibi lazima mtu awe pale juu, avute kamba zilizofungwa makopo, apige kelele, avurumishe madongo kwa kombeo, ashuke akimbilie upande wa mbali ambao kamba haifiki.

Dungu la Kondo lilitazama kaskazini. Paa lilimkinga Zuena jua la utosini, lakini la alasiri lilijipenyeza chini ya makuti kutoka kushoto, na likikosa kumpata huko, lilimpata kwa kupitia majini. Alijipaka liwa usoni mpaka akafanana na ukuta uliosiribwa. Alivaa kofia kuukuu ya kitambaa ambayo Kondo alimnunulia kwenye mitumba, kofia ya mtoto wa Kizungu, yenye picha ya bata. Ilimkinga paji la uso. Masikio ilikuwa haiyafikii.

Kipele kilipotokea sikioni aliona ni jani la mpunga limemkata. Ndivyo mtu yeyote wa bonde angeona. Kule kila mtu ana vidonda. Majani ya mpunga yanakata, matete yanachoma, matope yanaingia, na kidonda kilichokaa majini hakina haraka ya kupona. Hakuna anayekwenda hospitali kwa hilo. Mwanaharusi alikuwa na usemi wake wa kila msimu, na aliurudia siku Zuena alipomwambia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kwamba sikio linamsumbua.

"Paka mafuta ya nazi na manjano, mwanangu. Tukishapanda juu, miguu ikikauka, vyote vinafunga. Mimi mwaka jana nilikuwa na shimo hapa kwenye ugoko, unaweza kupanda muhogo. Liko wapi leo?"

Akainua kanga kumwonyesha. Palikuwa na alama nyeupe tu.

Zuena akapaka manjano. Akasubiri.

Katika ukoo wa Mwanaharusi palikuwa na desturi. Ijumaa ya kwanza baada ya kuhama bonde, mpunga ukiwa umeshafika nyumbani, wanawake waliketi uani, wakachemsha maji ya mwarobaini kwenye sufuria kubwa, wakaosha miguu na mikono pamoja. Kila mmoja alitaja vidonda vyake kwa sauti, kimoja kimoja, na kila kilichofunga kilipigiwa kigelegele. Ilikuwa siku ya kucheka. Waliosumbuliwa sana ndio waliosifiwa sana.

"Hiki cha kisigino kimefunga!" Shamsia alipaza sauti. "Na hiki cha kidole. Na hiki cha hapa juu siwaonyeshi, kina mwenyewe."

"Haya, mwenyewe akione," Mwanaharusi akasema, "lakini akuoshee yeye, sufuria yangu uiache."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji. Ilipofika zamu ya Zuena, alinyoosha miguu. Ilikuwa safi. Mikwaruzo yote ya msimu ilikuwa imekwisha. Kigelegele kikapigwa.

"Na lile sikio?" Mwanaharusi akauliza, akikamua kitambaa.

"Limefunga, mama."

Alilisema bila kufikiri. Alitazama magoko yaliyopangwa mbele yake, alama kavu za kila namna, na akaelewa kitu ambacho alikuwa amekizungukazunguka kwa muda mrefu. Matope yalikuwa yamekwisha. Maji yalikuwa yamekwisha. Wenzake wote walikuwa wamepona, na kidonda chake yeye, ambacho hakikuwahi hata kugusa matope, kilikuwa bado kibichi chini ya kanga. Alihisi kitu chenye joto kikitambaa nyuma ya sikio. Aliinuka, akasema anakwenda kumtazama mtoto.

Kuanzia hapo hakupata raha. Kila asubuhi alitafuta pembe ya nyumba yenye mwanga, akageuza kipande cha kioo mpaka shingo ikamwuma. Siku moja aliona kimepungua, akapika huku akiimba. Siku ya pili aliona kingo zake zimevimba, na chakula hakikushuka. Alijilinganisha na mjomba Maneno, kila siku, kama wakili anayemtetea mtu wake: cha Maneno kilikuwa shingoni, changu kiko sikioni. Cha Maneno kilinuka, changu hakinuki. Maneno alikaa kifua wazi, mimi nimejifunika. Kisha akakumbuka kwamba chake pia hakiumi. Kinawasha tu.

Kwa nini hakusema? Alijua hospitali ya misheni ya Mchukwi iko wapi, ndiko alikojifungulia Mwajabu. Lakini kusema kungekuwa kukiri mbele ya ukoo mzima kwamba mzee Mshamu alisema kweli. Mke asiyeweza kuamia ndege ni mke wa nini, bondeni? Wangemrudisha milimani kwa heshima, na kanga mbili na maneno mazuri, na mtoto angebaki kwa baba yake. Alipolala alimvuta Mwajabu upande wa kulia, ili kichwa cha mtoto kisigonge sikio.

Zamani maduka ya Ikwiriri yalikuwa na kiberiti na chumvi, na chumvi yenyewe kwa msimu. Sasa yalijaa sabuni za kila rangi, losheni, na dawa za mirija zilizopangwa pamoja na betri. Zuena alimwendea muuzaji mmoja kijana, Abdalah, akamwambia ndugu yake ana kipele.

"Ndugu yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

Abdalah akaitazama kanga iliyobanwa pini. Akamtolea mrija mdogo. "Hii inafuta kila kitu, dada. Wanawake wa mjini wanagombania."

Na kweli, baada ya siku chache wekundu ulipungua. Kingo zikalala. Zuena alikaa jikoni akashukuru mpaka akatokwa machozi. Alifunga ushungi kama zamani, Shamsia akampigia makofi. Lakini mrija ulipokwisha kidonda kilirudi kama mtu aliyekuwa amekwenda kuwaita wenzake. Kilikuwa kipana zaidi, kimeinuka kama uyoga mdogo, na sasa kilitoa damu bila kuguswa, akiwa amekaa tu, akipeta mchele.

Ni damu iliyomfichua. Shamsia alikuwa akifua kwenye beseni uani, akainua kanga ya Zuena, ile ya bluu, akaitandaza juani.

"Wifi. Njoo."

"Nina moto jikoni."

"Moto uache uwake. Njoo hapa."

Zuena alikuja. Doa lilikuwa kubwa kama kiganja cha mtoto, na madogo mengine ya zamani yamelizunguka.

"Hii siyo hereni," Shamsia alisema. Hakuwa na uso wa mzaha. "Toa pini."

"Wifi, nakuomba. Usimwambie mama. Acha mpunga mwingine uingie, halafu—"

"Toa pini, Zuena. Sijawahi kukuita jina lako hata siku moja. Toa."

Akatoa. Shamsia alitazama, akaweka mkono mdomoni, akautoa. Kisha akalifunika sikio mwenyewe, polepole, akalibana, akamshika Zuena mkono kama anayemvusha mtoto barabara, akampeleka kwa mama yake.

Jioni ile waliketi barazani. Kondo alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, akikunja na kukunjua kofia yake. Alikuwa amekwisha kuliona sikio.

"Arudi kwao kwanza," mzee Mshamu alisema. Hakusema kwa ubaya. "Wamatumbi wana dawa zao. Watu wa ngozi yake wanajuana nazo. Akipona tutamfuata."

"Na asipopona?" Kondo aliuliza.

"Hayo ya Mungu, baba."

"Mshamu," Mwanaharusi akaingilia, "ulipojikata panga mguuni ulirudi kwenu wapi?"

"Mimi kwetu ni hapa, shemeji."

"Na huyu ni hapa. Mtoto wake yuko hapa, chungu chake kiko hapa. Usimhamishe." Akawageukia wote. "Mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Nilimwambia kama ninavyowaambia ninyi wote, na ninyi wote mnapona. Sikufikiri kwamba ngozi yake ina hesabu nyingine. Kesho tunakwenda Mchukwi, mimi na yeye. Kondo, katafute lori."

Zuena alikuwa nyuma ya mlango. Aliyasikia yote, na badala ya kufarijika alishikwa na baridi. Maadamu alikuwa akificha, kilikuwa kidonda chake peke yake, angeweza kukipa jina alilotaka. Sasa kingepewa jina na mtu mwingine.

Walipanda lori la mbao, wakakaa mbele, Mwanaharusi mlangoni, Zuena katikati yake na dereva, kofia ya bata kichwani na kanga mbili juu yake. Barabara ya Kibiti ilikuwa mashimo matupu. Kila shimo lilimgonga sikioni.

Daktari wa Mchukwi hakukaa mbali naye. Alisogeza kiti, akamwomba ageuke kuelekea dirishani, akatazama bila kukunja uso.

"Kilianza lini, mama?"

"Mpunga ulipokuwa unatia maziwa."

"Na mpunga sasa uko wapi?"

Zuena alifikiri. "Umeshatwangwa. Tunaula."

Daktari akaacha kuandika. Akamtazama Mwanaharusi, akamtazama yeye. "Basi kimekaa mno. Mimi sikikati hapa. Nakupeleka Dar es Salaam kwa daktari wa ngozi. Uende wiki hii, hata kukiwa na msiba usingoje."

"Ni kile kibaya?" Mwanaharusi aliuliza.

"Ninakiogopa, bibi. Ndiyo maana sitaki mngoje."

Dar es Salaam walifikia kwa jamaa Mbagala. Hospitali ilikuwa kubwa, na foleni ya wagonjwa wa ngozi ilijaa ukumbi. Zuena aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani: watu wenye ngozi kama yake, watano, sita, kwenye benchi moja. Mmoja alikuwa mwanamume wa makamo aliyefungwa kitambaa upande mmoja wote wa uso. Harufu ilimfikia kabla hajakaa. Ilikuwa harufu ya kile chumba cha nyuma. Alimshika mama mkwe wake, na kama si Mwanaharusi kumkalia upande wa mlangoni angekimbia.

Daktari wa ngozi alikuwa mtu mpole, mwenye miwani minene. Hakuridhika na sikio. Alimtazama midomo, pua, kope, shingo, migongo ya mikono, akipapasa polepole kwa ncha ya kidole. Zuena alifumba macho. Tangu Bi Salima hakuna aliyempapasa hivyo.

Walikata theluthi ya juu ya sikio. Kipande kikapelekwa kupimwa. Siku za kungoja majibu, Zuena alikaa uani Mbagala na kichwa chake kikubwa cha bandeji, akihesabu vidole vya mikono yake kama anayeviaga. Mwanaharusi alimpikia uji, akamnywesha kwa nguvu. Mara moja tu Zuena aliuliza, "Mama, nikifa, Mwajabu ataamia ndege akiwa na umri gani?" Mwanaharusi alimpiga kofi dogo la bega, akaenda kusimama nyuma ya nyumba kwa muda mrefu.

Majibu yalikuwa kwamba ni saratani ya ngozi, na kwamba wameiwahi: kingo za kipande zilikuwa safi. Daktari aliyaeleza taratibu, mara mbili.

"Lakini usiondoke hapa ukidhani yamekwisha. Ngozi yako imekunywa jua la miaka. Vingine vitakuja. Hatuwezi kuvizuia vyote. Tunaweza kuviwahi."

"Nitavijuaje?" Zuena aliuliza. "Mbu akiniuma, nitadhani ni kile. Nikijikuna, nitadhani ni kile. Nitakuja hapa kila siku?"

Daktari alitabasamu. "Kwenu mnauangalia mwezi?"

"Tunauangalia."

"Ukiona kipele au kidonda, tazama mwezi. Cha mbu na cha jani kitaondoka chenyewe. Mwezi mwingine ukiandama na bado kipo, nenda kwa daktari. Gamba gumu linalodondoka na kurudi, nalo hesabu yake ni hiyohiyo. Lakini kikitoa damu bila kuguswa, au kikikua upesi, mwezi usiungoje. Na usipake dawa ya dukani, inakifunika tu. Hakiumi, hilo lisikudanganye."

Neno la mwisho lilimpiga Zuena kifuani. Alitamani mtu angemwambia hivyo Maneno.

Msimu uliofuata hakushuka bondeni. Mwanaharusi, kwa umri wake, alipanda dungu, akavuta kamba na kuwatukana ndege kwa sauti iliyosikika hadi mashamba ya jirani. Zuena alibaki kijijini, chini ya miembe ya nyumbani, akasuka mikeka, akasuka na makofia ya pama yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo. Mzee Mshamu alimwita tena mke wa kivulini, akiwa amevaa pama alilomsukia yeye.

"Livue basi, baba mdogo, urudi juani."

"Aa, hili limeshanizoea."

Hofu haikumwacha. Ilihama tu, ikakaa mahali pengine. Alikuwa na usiku wa kulala vizuri na asubuhi za kukagua mikono mpaka uji ukapoa. Kuelekea mwisho wa mavuno aliona kitu mgongoni mwa mkono wa kulia, karibu na kifundo cha kidole gumba: gamba, gumu, dogo kuliko punje ya mchele. Aliwaza ni kisu cha kukwangulia ukindu kilichomkata. Akatazama mwezi, ulikuwa mchanga. Hakupaka kitu. Gamba likadondoka. Akafurahi. Likarudi. Hakumwambia mtu, akajiambia kwamba muda alioambiwa bado haujakwisha, na hilo lilikuwa kweli, na alijua pia kwamba si hilo tu lililomnyamazisha.

Watu walirudi kutoka bondeni. Jioni ya Alhamisi watoto walipiga kelele njiani: mwezi umeandama. Zuena alitoka nje, akautazama ukiwa mwembamba kama ukucha juu ya minazi, kisha akautazama mkono wake.

Ijumaa sufuria ya mwarobaini ilikuwa inafuka uani. Shamsia alianza, kama kawaida, na vidonda vyake visivyoonyeshwa. Mwanaharusi alinyoosha magoko yaliyochakaa kuliko ya wote, akataja vidonda saba, akapigiwa vigelegele saba, akajisifu kwamba ndege wa bondeni wataota jina lake.

"Haya, Zuena," mwanamke mmoja alisema, "wewe mwaka huu huna kitu. Umekaa kivulini."

Zuena alivua ushungi. Sikio lililokatwa likaonekana, na hakulifunika. Akanyoosha mkono wa kulia katikati yao, juu ya mvuke.

"Mimi nina kimoja," alisema. "Hakijafunga."

Kigelegele kilichokuwa njiani kikafa kooni mwa mtu. Shamsia akaushika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Mwanaharusi aliweka kitambaa chini, akainuka na miguu yake yenye maji, bila kuikausha.

"Kondo!" aliita kuelekea nyumba. "Kondo we! Lori la Kibiti la kesho linapita saa ngapi?"